Kiswahili hakitaingia kwenye tarakilishi kwa hotuba

Kila ifikapo tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka wa 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hotuba nyingi hutolewa kukisifu Kiswahili kuwa lugha iwezayo kubeba sayansi na teknolojia. Sina ugomvi na hotuba hizo. Hata hivyo, nashikilia kwamba Kiswahili hakitaingia kwenye tarakilishi kwa sifa, bali kwa watu watakaokubali kuketi na kujifunza jinsi programu zinavyoundwa. Na watu hao si wahandisi peke yao. Wanafunzi wa Kiswahili na isimu sharti wawemo.

Huenda msomaji akauliza: mwanaisimu na uundaji wa programu wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba programu, kabla ya kuwa programu, ni matini. Huandikwa na binadamu kwa lugha yenye msamiati na sarufi yake. Matini hiyo ndiyo iitwayo msimbo chanzo. Kisha programu nyingine, ambayo kazi yake yafanana na ya mfasiri, huigeuza kuwa nambari ambazo mashine huzitekeleza. Aghalabu sisi huuziwa nambari hizo tu, nayo matini ikabaki imefungiwa kwa wenyewe.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, haikufuata mkondo huo. Tangu mwaka wa 1992 imetolewa kwa leseni ya mradi wa GNU, ambayo humruhusu yeyote kuisoma matini hiyo, kuibadilisha na kuisambaza.

Ruhusa hiyo yatufaa nini sisi? Chukua neno dogo la Kiingereza, "new". Mwandishi wa programu anayefikiri kwa Kiingereza huliandika mara moja katika msimbo, kisha akalitumia kwa kitabu, kwa faili na kwa mtumiaji. Mfasiri wa Kiswahili aandike nini? Kitabu ni kipya, faili ni jipya, mtumiaji ni mpya, nazo nyimbo ni mpya ilhali vitabu ni vipya. Achague lolote lile, atakuwa amevunja upatanisho wa kisarufi mahali fulani. Dosari hii haiondolewi kwa kamusi. Huondolewa kwa kuufungua msimbo, kulitenganisha neno hilo kulingana na kila mahali linapotumika, kisha kuiunda programu upya na kuiona ikisema Kiswahili sanifu.

Kazi yenyewe haimshindi anayeanza. Kwa mtumiaji wa Debian, ambayo ni mojawapo ya jamii ya Linux, kifurushi kiitwacho build-essential huleta vifaa vya kimsingi. Matini ikishapakuliwa na kufunguliwa, programu nyingi huhitaji amri tatu tu: "./configure" hukagua iwapo tarakilishi ina kila kinachohitajika, "make" huigeuza matini, na "make install" huiweka programu mahali pake. Mara nyingi amri ya kwanza ndiyo itakayogoma, ikilalamika kwamba maktaba fulani ya programu haipo. Hapo wengi hukata tamaa. Lau wangeusoma ujumbe huo hadi mwisho, wangeona kuwa unataja jina la kinachokosekana, na katika Debian dawa yake kwa kawaida ni kifurushi ambacho jina lake huishia kwa "-dev". Subira, kama walivyosema wahenga, huvuta heri.

Najua wapo watakaosema kwamba siku hizi vifurushi vilivyo tayari vimejaa tele, na kumtaabisha mwanafunzi ni bure. Kwa matumizi ya kila siku, naafikiana nao. Vifurushi hivyo husasishwa kwa urahisi, ilhali programu uliyojiundia, ulezi wake ni juu yako. Lakini mla mkate si lazima awe mwokaji. Anayetaka mkate wa ladha nyingine ndiye asiyekuwa na budi kuingia jikoni.

Wapo waliokwisha kuingia. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili. Hawakungoja kampuni yoyote iwahurumie, kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi kwao.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010 yakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu zitenge walau muhula mmoja ambapo kila mwanafunzi ataunda programu moja kutoka kwa msimbo wake, na kurekebisha sentensi moja ya Kiswahili ndani yake. Tusipofanya hivyo, wengine watatuandikia sarufi, nasi tutabaki kulalama kwamba mashine haijui ngeli.