Jina la Blokcheni: Chukua Mapema, Lakini Jua Unachonunua

Ukimtumia mtu pesa kwa simu, kabla hujabonyeza sawa macho hukimbilia jina. Nambari unaweza kukosea tarakimu moja tu, na jina ndilo linalokuonyesha kwamba pesa zinamwendea muuza nyama wako, wala si mtu usiyemjua kule Lodwar. Sasa fikiria kijana anayefanya kazi za mtandaoni na kulipwa dola za kidijitali kama USDT na mteja aliye ng'ambo. Anwani ya pochi yake ni herufi na tarakimu 42 zinazoanza na 0x, na hakuna jina linalojitokeza. Mteja akikosea, pesa zimeenda.

Ndiyo maana kuna majina ya blokcheni. Yanayojulikana zaidi ni yale yanayoishia na .eth, ya mfumo wa ENS ulioanza mwaka 2017 kwenye mtandao wa Ethereum. Badala ya kumpa mteja ule msururu, unampa jina lako, nayo pochi yake inatafuta anwani yenyewe. Jina la herufi tano au zaidi ni dola 5 kwa mwaka, kama shilingi 650 hivi. La herufi nne ni dola 160, la tatu dola 640. Juu yake kuna ada ya mtandao inayopanda na kushuka, kwa hivyo iangalie kabla ya kulipa.

Je, uchukue mapema? Kama tayari unalipwa kwa njia hii, mimi nasema ndiyo, chukua. Majina haya ni ya anayewahi. Hakuna anayekuuliza kitambulisho, na mwingine akichukua jina la duka lako hakuna ofisi ya kwenda kulalamika, tofauti na majina ya kawaida ya .com ambayo yana utaratibu wa kutatua mizozo. Mimi mwenyewe nilitafuta jina langu la kwanza nikakuta limeenda zamani. Shilingi 650 ni kidogo ukilinganisha na kazi ya kuwaeleza wateja kila wiki kwamba yule mwingine si wewe.

Lakini jamani, kuna hawa wanaoyauza kama ploti za Joska kabla lami haijafika. Nunua kumi leo, watakwambia, utauza kwa mamilioni. Hapo mimi siko. Kwanza, .eth haina hati ya kumiliki milele. Ni kama kodi ya nyumba. Usipolipia tena unapewa siku 90 za ziada, kisha jina linarudi sokoni, na anayelichukua anaweza kuanza kupokea pesa za wateja wako wa zamani. Pili, zipo kampuni zinazouza jina kwa malipo ya mara moja tu, bila ada ya mwaka, na hilo pia si kinga. Mwaka 2022 Unstoppable Domains iliacha kuuza majina ya .coin kwa sababu mradi mwingine, Emercoin, ulikuwa tayari unatumia kiishio hicho hicho. Waliokuwa wamelipa walibaki na jina lisilo na kazi.

Kitu ambacho wauzaji hawakitaji kabisa ni hiki: pochi ya Ethereum iko wazi kwa kila mtu. Bila jina, wewe ni msururu wa herufi tu. Siku unapoweka jina lako juu yake, yeyote anayelijua anaweza kuona salio lako, nani alikulipa, lini, na ulimtumia nani. Ni kama kubandika taarifa yako ya malipo kwenye mlango wa duka, shemeji na mwenye nyumba wasome. Kwa hivyo weka pochi mbili: moja ya kupokelea yenye jina, nyingine ya akiba isiyo na jina lolote. Hata hivyo usihamishe moja kwa moja kutoka hii hadi ile, kwa sababu hiyo safari nayo inaonekana. Na jina lenyewe liwe la biashara, si majina yako matatu ya kitambulisho.

Halafu kuna yale maneno ya siri, 12 au 24. Ukisahau PIN ya simu, unapiga huduma kwa wateja au unaenda na kitambulisho, mambo yanatengenezwa. Hapa hakuna wa kumpigia. Yaandike kwenye karatasi, usiyapige picha. Mtu akikuambia atakusaidia kusajili jina ila umtumie hayo maneno, huyo ni mwizi. Kusajili jina hakuhitaji mtu mwingine ayajue.

Na kabla ya yote haya, biashara yako imesajiliwa eCitizen? Jina la .ke unalo? Mteja wako wa Nyeri hana pochi ya kripto, na vivinjari vingi vya kawaida havifungui .eth moja kwa moja. Anza na hayo mawili.

Ukishapata jina lako, mwombe rafiki alitumie kukutumia kiasi kidogo, dola moja hivi. Ikifika, ndipo uende kuchapisha kadi za biashara.