Kuuliza Si Ujinga, Lakini ‘Msaada Tafadhali’ Si Swali

Wewe uliyeandika saa sita usiku, “Wasee, programu imekataa, msaada tafadhali, ni haraka,” halafu ukakaa mpaka asubuhi ukingoja jibu, nakuelewa. Nimekuwa wewe. Bando linaisha, kazi ya mtu inangoja, na watu mia mbili wamesoma ujumbe wako wakanyamaza. Unaanza kuamini wanaringa. Acha nikuambie ukweli usioupenda: hawaringi. Hukuwauliza kitu.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, karo ilipokwama. Tangu hapo mwalimu wangu ni watu nisiowajua, walioko mtandaoni. Sisi tunaojifunzia kwenye chumba cha mabati hapa Nyalenda hatuna mhadhiri wa kubishia mlango. Swali zuri ndilo karo yetu. Ukiuliza vibaya, umejifukuza darasani mwenyewe.

Nikupe mfano. Hapa mtaani, kampuni ya maji ya KIWASCO huuza maji kwa jumla kwa waendeshaji wadogo, nao wanayafikisha kwenye vioski na nyumba. Jaduong’ mmoja alitaka kuvuta bomba la mita 600 kutoka tangi lililoinuliwa mita 12 hadi vioski vitano vilivyokaribiana. Swali lake lilikuwa la pesa: bomba la milimita 50 litatosha, au anunue la 75 ambalo ni ghali? Akikosea, mama wa kioski atafungua mfereji saa kumi na mbili asubuhi, foleni ya mitungi ikiwa imejaa, na utatoka upepo.

Nikapakua EPANET. Ni programu ya bure ya kuiga mwendo wa maji kwenye mabomba, iliyotolewa mwaka 1993 na shirika la mazingira la serikali ya Marekani. Nikachora tangi, nikachora bomba, nikaendesha simulesheni. Presha ikasoma 5.2. Nikabadilisha bomba kutoka 50 hadi 75. Bado 5.2. Nikatuma kwenye kundi moja: “EPANET inanipa presha mbaya, nisaidieni.” Kimya. Siku mbili, kimya.

Siku ya tatu nikameza kiburi, nikaandika upya. Nikaanza na ninachotaka kujua. Nikataja toleo la programu. Nikaandika vipimo vyote: tangi mita 12, ardhi tambarare, bomba la plastiki lenye kigezo cha ulaini 140, vioski vyote vikiwa wazi lita 2 kwa sekunde. Nikaandika nilichotarajia: maji yasipotembea, presha iwe karibu mita 12, kisha ipungue yakianza kutembea. Nikaandika nilichopata: 5.2, hata nikibadilisha bomba. Nikaandika nilichojaribu tayari. Iliyobaki ilikuwa kutaja vizio. Nikafungua mahali pake ili ninakili.

Galoni kwa dakika.

Omera, nilicheka peke yangu. Programu huanza na vipimo vya Marekani usipoibadilisha. Mita zangu 12 ilizisoma kama futi 12, na futi 12 za maji ni presha ya 5.2 kwa vipimo vyao. Milimita zangu 50 ilizisoma kama inchi 50, yaani bomba ambalo mtoto anaweza kupita akitembea. Ndiyo maana ukubwa haukubadilisha chochote. Niliweka lita kwa sekunde, nikaendesha tena. Bomba la 50 linapoteza karibu mita 15 za msukumo, na tangi lina 12 tu. Presha ikawa hasi. Bomba la 75 linapoteza takriban mita 2. Jaduong’ akapata jibu lake, na swali langu sikulituma kamwe.

Hapo ndipo msimamo wangu uliposimama: swali zuri ni nusu ya kazi yenyewe. Ukilazimika kumweleza mtu asiyeiona skrini yako, unalazimika kuiona wewe kwanza. Na ukikwama bado, yule anayejibu bure, baada ya kazi yake, ana cha kushika. Usimpe picha ya skrini iliyopigwa kwa simu ikiwa na kivuli cha kidole chako. Nakili maneno ya hitilafu kama yalivyo. Punguza mradi wako hadi kipande kidogo kabisa ambacho bado kinakosea, utume hilo faili. Kama ni kazi ya darasa, sema ni ya darasa. Na Kiingereza chako kikiwa cha kuvunjika, usiogope. Nambari hazina lafudhi.

Najua utaniambia wapo wanaojibu kwa dharau. Wapo, na ni aibu yao. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, hawakusema atukanwe kwanza. Wewe uliyefika mbele, ukiona swali la hovyo la kijana, muulize swali moja la kumsaidia aulize vizuri: “Ulitarajia nini?” Hilo linatosha.

Jambo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Ukishasaidiwa, usitoweke. Wengi wetu tunapenda kusema “niingie inboksi,” tunapata jibu gizani, tunaondoka. Kesho msichana wa Manyatta au Obunga atakwama palepale, atatafuta, atakuta swali lako likiwa wazi bila jibu, na atadhani tatizo halina dawa. Rudi useme, “Ilikuwa vizio, nimerekebisha hivi.” Sentensi moja tu. Ero kamano yako ya kweli ni hiyo.

Kwa hivyo leo usiku, kabla hujaandika “msaada tafadhali,” andika mambo manne: unataka nini, umefanya nini, ulitarajia nini, umepata nini. Huenda ukapata jibu kabla ya kubonyeza kutuma. Usipolipata, sasa una swali. Uliza, hakuna atakayekuita mjinga.