Saa za Jua si Nguvu za Jua

Oktoba saa zikisharudishwa nyuma hapa Uingereza, ubishi huanza upya kwenye vikao vyetu: nani anaishi mji wenye jua kuliko wenzake. Wa Brighton huwacheka wa Glasgow, na ndugu aliyehamia Marekani huleta habari za Yuma, Arizona, kunakowaka jua kama saa 4,000 kwa mwaka. London tunapata takriban 1,600. Nairobi kama 2,500.

Ila takwimu za mwaka huficha mengi. Julai, Nairobi iko chini ya mawingu, watu na masweta yao, na jua huonekana kwa wastani wa saa nne hivi kwa siku. London mwezi huohuo hupata zaidi ya saa sita. Eastbourne, kwenye pwani ya kusini, ilipata saa 383.9 Julai ya mwaka 1911, rekodi ya mwezi kwa Uingereza. Upande wa pili ni Westminster, Desemba 1890: sifuri. Mwezi mzima, kwa ukungu na moshi wa makaa ya mawe, kipimo hakikunasa hata dakika chache.

Kipimo chenyewe kilikuwa tufe la kioo, lililobuniwa na John Francis Campbell mwaka 1853 na kuboreshwa na George Gabriel Stokes mwaka 1879. Tufe hukusanya miale na kuunguza mstari kwenye kadi. Mstari ukipimwa, saa za jua zinajulikana. Vifaa vya leo huhesabu jua limewaka pale miale yake ya moja kwa moja inapozidi wati 120 kwa kila mita ya mraba. Likishavuka hapo, jua hafifu la Januari na jua la utosi la Dar es Salaam huandikwa sawasawa: saa moja.

Sasa tazama Desemba 21. Adhuhuri, jua la London limepanda nyuzi 15 tu kutoka upeo wa macho. La Dar es Salaam ni nyuzi 73. Miale inayokuja kwa kulala hupita kwenye hewa nyingi, na ile inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D huchujwa karibu yote njiani. Siku iwe angavu kiasi gani, hupati kitu. Kuota jua nyuma ya dirisha ndiyo kazi bure kabisa, hata kiangazi, maana kioo huizuia miale hiyo.

Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani, na wengi wetu tunafanya kazi za ndani au za usiku, na kina mama wetu wengi hujistiri kwa buibui. Ndiyo maana ushauri wa NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, kwa watu wenye asili ya Afrika, na kwa wanaojifunika sehemu kubwa ya mwili, ni kufikiria kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku, mwaka mzima. Watoto wa mwaka 1 hadi 4 nao wapewe kiasi hicho kila siku. Mtu mzima asizidishe mikrogramu 100 kwa siku; wingi wa dawa hauharakishi afya.

Vidonge hivi huuzwa bila cheti cha daktari. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa nyingine, amuulize kwanza mfamasia. Wengine tuvinunue wiki hii, na wazee wetu wasiotoka nje tuwapelekee.