Upimie macho ya nani?

Walioskiza podikasti wiki jana wanajua: kile chumba cha ziada hapa Leicester sasa ni stesheni ya Voi, kwa kipimo cha 1:76. Leo tuongee kuhusu ukuta wa nyuma, ule unaochorwa mandhari.

Kosa langu la kwanza, nilitandika reli kabla ya kuchora. Sasa kila nikipaka rangi najinyoosha juu ya mabehewa. Nyinyi anzeni na ukuta. Na kwenye kona, pindeni ubao mwembamba uzunguke taratibu, manake kona kali inaleta kivuli, na anga halina kona.

La pili liliniuma. Mstari ambapo ardhi inakutana na anga niliuchora usawa wa macho yangu, nikiwa nimesimama. Baba, aliyekulia Voi, siku hizi magoti hayamruhusu kusimama sana. Akakaa, akatazama, akasema, "Mbona Sagalla imenipanda kichwani, mwanangu?"

Nikafuta yote. Nikapima macho yake akiwa kitini, nikapiga mstari upya. Akanisimamia: udongo mwekundu zaidi, vilima vya mbali vipauke vielekee samawati, anga likolee juu na lififie likishuka.

Kama kwenu kuna anayekumbuka mahali, mkalishe kwanza, ndo upime.

Wiki ijayo, mibuyu. Baba ameshasema yangu ina majani mengi mno.