BUKOBA INAYO STESHENI: NI GATI

Wapo mabwana wasemao kuwa mambo ya reli hayatuhusu sisi watu wa Bilele, kwa kuwa Bukoba haina stesheni. Twawajibu: Bukoba inayo stesheni, nayo ni gati. Si kosa letu kwamba mbele yake kuna maji badala ya mataruma.

Na tuitazame historia. Reli ya Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Kahawa ya Buhaya ikapakiwa melini hadi Kisumu, ikapanda treni kwenda pwani. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza. Mwaka 1948 Mwingereza akaziweka reli na bandari za Afrika Mashariki chini ya shirika moja, na meli za ziwa zikawa humo humo. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilikuwa mali ya shirika hilo la reli. Basi mkulima aliyekata tikiti gatini Bukoba alikuwa abiria wa reli kabla hajaliona behewa. Kahawa yake ilisaidia kulipa gharama za njia ambayo haikupita mlangoni kwake.

Faida ilipohesabiwa, tulihesabiwa. Je, na usalama?

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Ilijengwa kwa abiria 430. Idadi iliyotajwa ya waliokufa yapita 800. Meli hiyo ilikuwa ya Shirika la Reli. Watu wetu walipandia Bukoba, wengine Kemondo, na hesabu yao kamili haikujulikana hata walipokuwa wamekwisha zama. Ndugu wasomaji, stesheni ni nini kama si mahali pa kuhesabu watu? Mahali pasipojua ni nani ameondoka, hapo si stesheni wala bandari. Ni ufukwe tu.

Baada ya msiba ule meli zilitengwa na reli, zikapewa kampuni yake. Tangu hapo msafiri wa Bukoba ni mtoto wa baba wawili: huyu asema kamwulize yule, yule asema kamwulize huyu. Victoria yenyewe ilikaa miaka bila kazi, ikarudi majini mwaka 2020. Miaka ile mama mwenye mikungu yake ya ndizi alijua maana ya stesheni iliyofungwa, ingawa hakuna aliyeiita hivyo.

Twaambiwa sasa: barabara ipo, na daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa mwaka 2025, meli ya nini? Daraja ni jema, nasi twalishukuru. Lakini mtu hakatwi mguu mmoja kwa sababu amepewa kiatu kizuri cha mguu wa pili. Meli huondoka jioni, mzee akalala, mgonjwa akanyoosha mgongo, mizigo ikakaa chini, na asubuhi wako Mwanza.

Wenzetu wa Dar es Salaam walipewa treni za mjini mwaka 2012, nasi tulifurahi nao. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha Dodoma. Njia hiyo yajengwa kuja Mwanza. Twauliza mapema, kabla saruji haijakauka: je, katika karatasi za wakubwa, Mwanza ni mwisho wa njia, au ni nusu ya safari ya mtu wa Bukoba?

Madai yetu ni matatu. Tikiti iwe moja, kutoka gati la Bukoba hadi Dar es Salaam. Saa za meli na saa za treni zipangwe pamoja, ili abiria asilale nje Mwanza kwa dakika chache za kuchelewa. Na katika gati la Bukoba na la Kemondo kila kichwa kihesabiwe kwa jina, hata cha mtoto mgongoni, na meli ikijaa, ifungwe.

Haya si maombi ya fadhila. Ni deni. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Sisi tupo, tangu 1901 tupo. Basi tukutane, tuseme kwa sauti moja, tusinyamaze mpaka gati letu liitwe kwa jina lake: stesheni.