Gari la Farasi Lina Nafasi ya Watu Wawili

Leo nitachelewa kidogo kufika kwa Neno. Nataka kuanza na diski niliyoivunja.

Ilikuwa mwaka 2008. Kijana wangu wa kwanza alikuwa na miaka kumi na miwili, na mjomba wake alikuwa amemletea PlayStation 2 ya mtumba na diski tatu. Mbili zilikuwa za mpira. Ya tatu ilikuwa na picha ya farasi wanaotoa povu na mtu aliyevaa kama askari wa Kirumi, ameshika silaha juu ya gari la magurudumu mawili. Imeandikwa Circus Maximus: Chariot Wars. Nilisoma jina hilo nikajua nimeshalimaliza jambo. Rumi ndiyo iliyomsulubisha Bwana. Rumi ndiyo iliyomkata Paulo kichwa. Na sasa Rumi imekaa sebuleni kwa mchungaji, jirani na kabati la vyombo!

Niliivunja diski ile kwa goti mbele yake. Nikapaka mafuta kwenye televisheni. Nikakemea. Kijana hakusema neno. Mama yake alinitazama tu, na wale mlio na ndoa mnajua kuna kutazama na kutazama.

Nawaambia haya kwa sababu mwezi uliopita mama mmoja mshirika alinijia baada ya ibada, analia. Mwanawe wa darasa la nane anacheza geimu ya magari ya farasi, watu wanapigana mapanga huku wanashindana mbio, usiku mpaka saa saba. "Pasta, njoo uombee ile kompyuta." Mkono wangu ulikuwa tayari umeshaanza kutafuta chupa ya mafuta. Lakini kuna kitu kilinizuia. Nilimwambia anipe siku mbili, nikaenda nyumbani, nikampigia simu kijana wangu. Sasa ni mtu mzima, anafanya kazi mbali, na huwa tunaongea Krismasi na siku ya matanga.

Nilimuuliza, "Hivi ile geimu niliyoivunja ilikuwa inahusu nini?"

Alinyamaza kwanza. Halafu akacheka. Akaniambia ilitoka mwaka 2002. Ni mbio za magari ya farasi, lakini unaruhusiwa kumpiga mwenzako ukiwa kwenye mwendo. Ndani ya kila gari kuna watu wawili, mmoja ameshika hatamu, mwingine ameshika silaha. Ukiwa peke yako unafanya kazi zote mbili, unaendesha na unapigana. Mkiwa wawili mnaweza kugawana gari moja, mmoja aendeshe na mwingine apigane. Kisha akaniambia maneno ambayo sijalala vizuri tangu nilipoyasikia: "Baba, kontrola zilikuwa mbili. Nilikuwa nangoja umalize kuandaa mahubiri uje ushike hiyo nyingine."

Wapendwa, nilikata simu nikaenda kukaa nyuma ya nyumba kwa kuku.

Basi nikaanza kusoma, kwa sababu niligundua nilikuwa nimekemea kitu nisichokijua. Circus Maximus ulikuwa uwanja halisi pale Rumi, urefu wake kama mita 600, na wataalamu wengi wanakadiria uliweza kubeba watu 150,000. Mbio moja ilikuwa mizunguko saba. Kulikuwa na timu nne zilizojulikana kwa rangi: wekundu, weupe, kijani na bluu, na watu walizishabikia kuliko sisi tunavyoshabikia timu za Uingereza. Na hapa geimu imeongeza chumvi. Katika mbio zile za Rumi hakukuwa na mtu wa pili wa kupigana. Mwendeshaji alikuwa peke yake.

Huyo mwendeshaji alikuwa nani? Mara nyingi alikuwa mtumwa. Alizungushia hatamu kiunoni mwake akazifunga, ili uzito wa mwili wake umsaidie kuwaongoza farasi. Gari likipinduka, farasi hawajui kwamba kuna mtu nyuma. Wanamburura. Kwa hiyo alichomeka kisu kwenye nguo zake ili azikate hatamu kabla hajafa. Wengine waliwahi, wengine hawakuwahi. Kulikuwa na mmoja aitwaye Scorpus aliyeshinda mara 2,048, mji mzima ukimwimba, na alikufa akiwa hajafika hata miaka thelathini. Mwingine, Gaius Appuleius Diocles, alishindana mbio 4,257, akashinda 1,462, akastaafu akiwa na miaka 42 na mali nyingi sana. Jina la Diocles tunalo kwa sababu alipona. Wengi waliobururwa kwenye mchanga ule hakuna aliyeandika habari zao.

Ndiyo maana wazee wa kanisa walipigana na jambo hili. Tertullian, Mwafrika mwenzetu wa Karthago, aliandika kitabu kizima karibu mwaka 200 kuwaambia Wakristo watoke kwenye viwanja vile. Yohana Krisostomo, huko Konstantinopoli mwaka 399, aliwaka moto madhabahuni kwa sababu washirika wake waliacha kanisa wakakimbilia mbio za farasi. Siwalaumu. Mimi pia ningewaka. Pale watu walikuwa wanafurahia damu ya mtu aliye hai, mwenye mama.

Lakini mtoto wa yule mshirika haoni damu ya mtu. Anaona michoro. Na hapo ndipo nataka tutofautiane kidogo na baadhi ya wachungaji wenzangu, na mtanisamehe. Tumefundisha kwamba hatari ya geimu kama hii ni pepo wa Kirumi kuingia kupitia waya. Mimi leo nasema hatari iko mahali pengine. Katika geimu ukianguka, gari linarudi, farasi wanarudi, unaendelea. Kufa hakuna bei. Nimezika vijana wa boda boda, wapendwa, zaidi ya ninavyotaka kuhesabu, na kuna mmoja ambaye rafiki zake waliniambia walikuwa wanashindana tu, mchezo, usiku, barabara ikiwa tupu. Sisemi geimu ndiyo iliyomuua. Nasema hakuna mtu mzima aliyewahi kuketi naye akamweleza habari za mtu aliyefungwa hatamu kiunoni.

Mtoto akicheza peke yake, geimu ndiyo inayomfundisha. Ukiketi naye, wewe ndiwe unayefundisha, na geimu inakuwa mfano wako. Paulo aliwaandikia Wakorintho, watu walioishi karibu na michezo mikubwa ya Isthmia, na hakuogopa kuchukua mbio zao na taji lao linalonyauka akawahubiria kwa hayo hayo.

Sasa tufike kwa Neno. Fungua Matendo ya Mitume sura ya nane, kuanzia mstari wa 26. Towashi wa Kushi, mkuu wa hazina ya malkia Kandake, anarudi nyumbani kwa barabara ya kwenda Gaza. Yuko ndani ya gari la farasi. Anasoma Isaya kwa sauti na haelewi. Roho anamwambia Filipo alisogelee gari lile. Ona Filipo alichofanya. Hakusimama kando ya barabara akanyoosha mkono kukemea farasi. Hakusema kwamba gari hilo ni la nyumba ya kifalme ya mataifa na lazima litakaswe kwanza. Alikimbia! Mhubiri anakimbia kwenye vumbi kando ya gurudumu, anasikiliza kwanza mtu anasoma nini, kisha anauliza kama anaelewa. Naye towashi anamwomba apande, aketi pamoja naye. Ubatizo ulikuja baadaye. Kuketi kulikuja kwanza.

Nimelisoma andiko hilo tangu nikiwa Bible School na nimelihubiri labda mara ishirini. Kila mara nilikimbilia kwenye maji. Sikuwahi kusimama pale kwenye kiti.

Na tazama magari mengine ya Biblia. Ahabu alipopigwa mshale vitani hakugeuza gari mwenyewe. Alimwambia mwendeshaji wake ageuze. Mfalme Yosia alipojeruhiwa, watumishi wake ndio waliomtoa kwenye gari moja wakamweka kwenye lingine. Gari la vita halikuwa la mtu mmoja. Yule anayepigana hawezi kuangalia njia, na yule anayeangalia njia hawezi kukinga mshale. Mwanao wa miaka kumi na minne amepewa hatamu na upanga vyote kwa pamoja, simu, masomo, marafiki, mwili unaobadilika, halafu tunashangaa gari likigonga nguzo.

Mzazi, najua unachotaka kuniuliza. Je, kila geimu ni sawa? Hapana. Kuna geimu za uchi. Kuna za kamari zinazokula pesa ya karo kupitia simu ya mama akiwa amelala. Hizo usikae nazo, zitoe, na wala usiombe radhi. Na saa saba usiku si saa ya mwanafunzi kuwa macho, hata kama anasoma Mambo ya Walawi. Weka saa, na uisimamie. Lakini ukitoa amri kutoka jikoni bila kuwahi kuona hata mzunguko mmoja, mtoto anajua. Anajua unaogopa kitu usichokijua. Na siku atakapokuwa na jambo zito kweli, la msichana au la dawa au la kutaka kufa, hatalileta kwa mtu anayevunja kabla ya kuuliza.

Nilirudi kwa yule mama. Sikubeba mafuta. Nilikaa na kijana wake kwenye kiti cha plastiki kwa saa nzima, nikashindwa mbio zote, nikagonga ukuta mara nyingi sana hata dada yake mdogo akaja kunicheka. Katikati nikamuuliza anadhani yule mwenye hatamu alikuwa mtu gani. Akasema, "Si ni bingwa?" Nikamwambia habari za kile kisu. Aliweka kontrola chini. Tukaongea mpaka chai ikapoa, na mengine aliyoniambia ni yake na Mungu wake.

Baba yake hakuwepo. Yuko, ndiyo, lakini hakuwepo. Kaka, kama unasoma ujumbe huu, kiti ni kile cha kijani kando ya dirisha. Mimi nilikishikilia tu.

Na kijana wangu amesema atakuja Jumamosi. Ametafuta mpaka akaipata tena ile diski, sijui wapi. Ameniambia yeye atapigana, mimi nitashika hatamu. Niombeeni.