Noti haina alama ya sikio!

Ndugu anayetaka hela humtambui kwa sura, unamtambua kwa salamu. Asiye na shida atakupigia, "Vipi, upo?" na mnamaliza. Mwenye shida anaanzia mbali. Atauliza kazi, atauliza watoto, atauliza mvua, atamuulizia hadi jirani yako aliyehama mwaka juzi. Ukisikia kimya kidogo, halafu "sasa kaka...", shika mfuko wako. Mzigo unakuja!

Mpenzi msomaji, usicheke. Leo ni yeye, kesho ni wewe. Kila zama ina jina lake la ugumu wa maisha. Enzi za Rais Mkapa vijana waliuita "ukapa". Enzi za Magufuli wakasema "vyuma vimekaza". Jina linabadilika, lakini mlango unaogongwa ni ule ule: wa ndugu mwenye mshahara, hata kama mshahara wenyewe ni wa kulia machozi.

Mada yangu leo ni hiyo. Ndugu yako amekwama, anasema "nikopeshe". Umpe? Umkopeshe? Umwambie hapana? Mimi kwetu ni Mara, na sisi watu wa Mara tunasifika kwa ukali. Lakini ukali wote huo unaishia pale ndugu anapopiga hodi na uso wa huruma. Basi nitakupa niliyoyaona nyumbani, Musoma, Butiama na Bunda, halafu wewe pima mwenyewe.

Tuanzie Musoma. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ni mvuvi wa dagaa, anashusha mzigo Mwigobero. Mwaka jana ziwa lilichafuka usiku, nyavu zikachanika na taa zake zikazama. Akanipigia Mwanza ninakoishi. Salamu zilikuwa ndefu mpaka nikajua hali ni tete.

"Kaka, nikopeshe laki nane. Mwisho wa mwezi nakurudishia yote."

Hapo kuna mambo mawili ambayo kijana wa mjini huwa hayaoni.

La kwanza ni huo "mwisho wa mwezi". Huo ni wako wewe mwenye mshahara. Mvuvi wa dagaa ana mwezi wake, ule wa angani. Dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku wa giza, wanaifuata taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi na mitumbwi inapumzika mwaloni. Sasa tarehe 30 ikiangukia kwenye mbalamwezi, huyo mdogo wako atazitoa wapi? Hatapokea simu. Wewe utasema kakutapeli, yeye atasema unamnyanyasa, na undugu umeota nyufa kwa sababu ya kalenda tu! Mkulima wa pamba wa Bunda naye vivyo hivyo. Mfuko wake unajaa baada ya mavuno, kuanzia katikati ya mwaka. Ukimdai Januari unadai majani.

La pili ni zito zaidi. Ada yangu ya sekondari, miaka ya tisini, ililipwa na baba yake huyu kijana. Wakati ule viwanda vya minofu vilikuwa vinanunua sangara wa Musoma kwa nguvu, na baba mdogo alikuwa na mshiko. Alilipa, wala hakuandika popote. Halafu mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa Ziwa Victoria kutokana na habari za uvuvi wa sumu. Baba mdogo akabaki na mtumbwi, samaki asiye na mnunuzi, na madeni. Aliyemwokoa ni baba mkubwa wa Butiama, aliyemletea magunia ya mahindi na udaga mpaka mambo yakatulia. Naye hakuandika popote.

Sasa niambie, mtoto wa mtu kama huyo akisema "nikopeshe", nani anamdai nani? Ukipiga hesabu ya benki, kijana anataka laki nane zangu. Ukipiga hesabu ya ukoo, mimi ndiye mwenye deni. Hesabu zote mbili ni za kweli, na ndiyo maana jambo hili linawatoa watu jasho hata wakiwa chini ya feni.

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia, "Nipe siku tatu mdogo wangu, nitakujibu, sitakukimbia." Kwanza nikazungumza na mama watoto, kwa sababu hela inayotoka nyumbani kimya kimya hurudi na kelele. Pili, wikiendi nikapanda basi kwenda Butiama kumsikiliza baba mkubwa.

Butiama, kama hujafika, ndiko kwao Mwalimu Nyerere, na ndiko alikozikwa Oktoba 1999, pale Mwitongo. Neno lake kubwa lilikuwa ujamaa, na ujamaa kabla haujawa siasa ni neno la nyumbani: watu kuwa jamaa. Wengi wanakumbuka upande mmoja tu, ule wa kugawana. Lakini katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu ujamaa, Mwalimu alikumbusha pia methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Isikilize vizuri. Haisemi mfukuze. Inasema mpe jembe!

Baba mkubwa yeye hakuanza na jembe, alianza na ng'ombe.

"Mwanangu," akaniambia, "zamani tulikuwa tunaweka ng'ombe kwa ndugu. Ndugu yako hana kitu, unampelekea ng'ombe. Maziwa ni yake, watoto wake wanywe. Ng'ombe ni wako. Akizaa, mmeshakubaliana ndama yupi ni wa nani, na mashahidi walikuwepo. Hakuna wa kuona aibu, hakuna wa kusahau, maana ng'ombe ana alama sikioni."

Akatoa noti ya elfu kumi mfukoni, akaigeuza huku na huku. "Na hii, alama yake iko wapi?"

Nilinyamaza. Mzee alikuwa amemaliza kesi.

Msomaji wangu, ukisahau yote, hili lishike. Hela haivunji undugu kwa sababu ni nyingi. Inauvunja kwa sababu haina alama. Wewe umetoa ukijua ni mkopo, yeye amepokea akijua ni haki yake. Au kinyume chake: wewe ulishasamehe zamani, yeye anakukwepa hadi msibani kwa aibu. Yeye anasema "nikopeshe" ili asionekane ombaomba, wewe unasema "nitakukopesha" ili usionekane bwege, na wote wawili moyoni mnajua hairudi. Mnadanganyana kwa adabu! Waliosema kukopa harusi, kulipa matanga, hawakuwa wanatania.

Basi nikashuka Musoma, nikaweka alama. Laki nane sikuwa nazo, na sikujifanya ninazo. Nilimpa laki moja mkononi. "Hii ni ya unga na mahitaji ya watoto. Ni yako, usije ukanirudishia." Halafu tukaenda wote dukani tukanunua nyavu na taa za laki nne. "Hizi ni ng'ombe. Maziwa ni yako, mzigo unaovua ni wako. Kila giza likiisha unanipa elfu hamsini, giza nane tunamalizana." Mama yake alikuwa pale anasikiliza, na baba mkubwa alikuwa kwenye simu, spika imefunguliwa. Hiyo ndiyo mahakama yetu.

Amelipa giza tano. La sita mashine ya mtumbwi iliharibika. Lakini alinipigia yeye kabla sijampigia mimi, na salamu zilikuwa fupi! Kwa kipimo changu, hiyo ni riba ya kutosha.

Lakini si kila shida inatibiwa kwa mkopo. Siku ile ninarudi Mwanza nilishuka Bunda kumwona dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa ameniomba laki tatu za haraka, akasema mtoto anaumwa. Mtoto nilimkuta barabarani anacheza mpira. Ugonjwa ulikuwa wa dada mwenyewe, na jina lake ni kausha damu.

Alikopa laki tatu kwa mkopeshaji wa mtaani, riba asilimia 30 kwa mwezi, akaacha kadi yake ya benki na namba ya siri. Piga hesabu. Ni shilingi 90,000 kila mwezi, riba tupu. Miezi minne ameshatoa 360,000 na laki tatu bado zimekaa pale pale zinamkodolea macho. Benki Kuu iliweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo. Kwa laki tatu hiyo ni 10,500. Toa 10,500 kwenye 90,000, kinachobaki ndiyo damu yenyewe inayokaushwa! Na usidhani wa kwenye simu ni afadhali. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha watu mtandaoni bila leseni. Kabla hujakopa, uliza leseni.

Je, nilimkopesha dada? Hapana. Mtu aliyekabwa na deni, ukimwongezea lako umemwongezea mkono mwingine shingoni. Tulijichanga ndugu wanne, wengine kwa simu, kila mmoja 75,000. Nikaenda naye mpaka kwa yule bwana, tukalipa mkononi mwake, tukataka iandikwe kwamba deni limekwisha, tukachukua kadi, na dada akabadili namba ya siri siku ile ile. Nilikwenda naye kwa sababu hela ya kulipa deni ikilala ndani ya nyumba yenye njaa, asubuhi huamka imepungua. Na tukamwambia wazi, "Dada, hii ni zawadi, hatukudai."

Alilia. Akasema kilichomuuma zaidi ya ile riba ni kumsingizia mtoto wake ugonjwa. Ndugu zangu, watu wazima hawadanganyi hivyo kwa kupenda. Wanadanganya kwa kuwa wanaogopa mdomo wako kuliko mdomo wa mkopeshaji. Ndugu akija na shida, mwache kwanza aseme ukweli bila kumhutubia. Hotuba utaitoa akishapumua.

Halafu ipo shida ya tatu, mtungi uliotoboka. Mnaikumbuka DECI ya mwaka 2009? Watu walikopa hadi kwa ndugu zao wakaenda "kupanda mbegu", wavune mara dufu bila kushika jembe. Serikali ikaifunga, ndugu wakabaki wanatazamana. Leo mtungi huo unaitwa mkeka wa kubeti. Anayetaka umkopeshe ili azirudishe alizoliwa Jumamosi, mpe ugali, mpe nauli, mpe pa kulala. Hela hapana. Maji unayomimina humo hayafiki popote, hata ukiwa na kisima.

Na hapana yako iwe safi. Usiseme "sina" halafu jioni unaonekana kwenye status na sahani ya kuku wa kuchoma na soda mbili. Sema, "Hiyo sitaweza, lakini hiki naweza." Elfu ishirini iliyotolewa kwa moyo inazidi laki mbili unazozidai kila Jumatatu. Na usitoe hela ya kodi ya nyumba yako, maana mtakuwa wawili wa kuokolewa. Tena kabla hujatuma, piga simu usikie sauti ya ndugu yako mwenyewe. Nchi hii ina mafundi wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wao shida zao haziishi!

Kwa hiyo kijana mwenzangu, dawa ya deni ni kulipa, lakini dawa ya undugu ni kusema mapema. Ni zawadi au ni mkopo? Kama ni mkopo, utarudi kwa kalenda ya nani, yako au yake? Shahidi ni nani? Na kama ni zawadi, uko tayari kuisahau hata siku atakapokuudhi? Ukishapata majibu, tia alama sikioni, kisha bonyeza namba yako ya siri.

Kwa leo naishia hapa. Wiki ijayo nitawageukia wanaodaiwa. Ninyi mnaoacha kuzika kwa sababu ya elfu ishirini ya shangazi, jiandaeni!